Somo la Bure la Kupanda Mawimbi

Kipaza alikuwa mshereheshaji wa harusi, na tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Akishika maikrofoni, mashangazi walionuniana tangu asubuhi wanajikuta wamekaa meza moja wanacheka. Wajomba wagumu wa mifuko wanatoa bila kusukumwa. Bibi harusi analia pale pa kulia, na bwana harusi anakumbuka kumshukuru mama mkwe. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Watu walimwita Kipaza kwa sababu sauti yake ilifika nyuma ya ukumbi hata umeme ukikatika.

Lakini kuliko sauti, alijivunia matamshi. Herufi ya "s" ikitoka kinywani mwa Kipaza ilikuwa imepigwa pasi. Na kama kawaida ya watu wenye kipaji, hakukosa kero: alikuwa anasahihisha wenzake. Mpambaji aseme neno kombo, Kipaza anamrekebisha mbele za watu. Wenye kithembe, wale ambao "s" yao hutoka "th", ndio waliokoma naye. Alikuwa akiwaiga, watu wakicheka, na wao wakicheka kwa uso tu.

Sasa hapa kuna siri, na kwa kuwa yeye mwenyewe hatuambii, wacha niseme mimi. Meno manne ya mbele, yale ya juu, hayakuwa yake. Ya kwake aliyaacha kwenye harusi moja, wageni wameshaondoka, alipojikwaa kwenye waya wa spika akaangukia ukingo wa meza ya keki. Fundi wa meno alimtengenezea ya bandia, ya kuchomeka na kuchomoa, mazuri kuliko yale ya mwanzo. Akampa na masharti: wakati wa kulala, chomoa, wakati wa kuogelea, chomoa. Kipaza alicheka. Kuogelea, yeye? Maji yake yeye yalikuwa ya kunywa na ya kuoga, basi. Habari ya meno hayo waliijua watu wawili tu, yule fundi na bintiye Kipaza, dada mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa.

Kilichomfikisha baharini ni mapenzi, kingekuwa nini kingine?

Kulikuwa na mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la manispaa, mwanamke mjane, wanawe wameshajitegemea kila mmoja kwake. Siku za kazi alifundisha watoto bwawani, na Jumamosi asubuhi aliwachukua watu wazima ufukweni akawafundisha kusimama juu ya ubao na kuteleza na mawimbi. Kipaza alikutana naye kwenye harusi ya mpwa wa mwanamke huyo, mwaka uliopita, na tangu siku hiyo akawa hapiti bwawani bila kupoteza kitu: leo kasahau kalamu, kesho anatafuta mtu ambaye hayupo. Mwalimu akiwa amemaliza vipindi, walikaa kwenye benchi la saruji, miguu ya mwanamke bado ina maji, wakinywa chai ya chupa yake katikati ya harufu ya klorini. Kipaza mwenyewe alikuwa mgane, mkewe alifariki binti yao akiwa bado wa kubebwa. Alishajiona mtu aliyemaliza mambo hayo. Kumbe bado. Alimpenda Mwalimu, tena alimpenda vibaya sana, mpaka hamu ya chakula ikapungua, na Kipaza si mtu wa kupungukiwa na hamu ya chakula.

Mtu wa maneno, si angesema tu? Alisema. Hapo ndipo penye balaa lenyewe. Jioni moja alisimama mbele ya benchi, akakohoa, akaanza: "Ewe nyota ya asubuhi uliyechelewa kuzama, ili macho yangu yapate mahali pa kupumzika." Kutoka hapo akaingia bustanini, akapita kwenye waridi, akazunguka mbuyu mara kadhaa, akashukia kwenye nafsi yake iliyokuwa jangwa. Chai ilipoa.

Mwalimu aliweka kikombe chini, akapiga makofi.

"Nzuri sana hiyo," alisema. "Harusi ya nani?"

Na Kipaza, shujaa wa kumbi zote za mji, akanywea. Alimjibu kwamba ni ya mtoto wa mwenye duka la vitambaa, Jumamosi ijayo. Akaketi. Akamalizia chai ya baridi. Na msidhani ilikuwa mara moja. Alirudia wiki iliyofuata kwa beti nyingine, na mwezi uliofuata kwa nyingine nzuri zaidi, na kila mara Mwalimu alipiga makofi, akauliza harusi ya nani, na kila mara Kipaza akamsingizia mtoto wa mwenye duka la vitambaa, ambaye kwa hesabu hiyo alikuwa ameshaoa wanawake wengi sana.

Bintiye alichoka kusikiliza habari hizo mezani.

"Baba, mwambie kwa Kiswahili," alisema siku moja.

"Kwani mimi nazungumza lugha gani?"

"Kiswahili cha kununulia mkate, baba. Hicho."

Kipaza alikasirika, akasema mkate ni mkate na mke ni mke. Binti akaendelea kula.

Basi siku zikaenda hivyo mpaka Mwalimu akaleta habari. Alikuwa amepata kazi mji wa mbali, kwenye bwawa jipya la chuo, nyumba juu yao, mshahara mzuri. Msimamizi wa huko alikuwa anangoja apigiwe simu Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, ajue moja. Jumamosi hiyohiyo ufukweni lingekuwa somo la kuaga, na Mwalimu alitangaza kuwa halilipiwi, ni bure kwa yeyote atakayekuja. Alimweleza Kipaza yote hayo macho yake yakiwa kwenye maji. Kisha akasema hajaamua bado, lakini haoni kinachomzuia. Akangoja.

Mnajua Kipaza alijibu nini? Alimtakia safari njema. Kwa beti tatu.

Usiku ule hakulala. Alijiita majina yote mabaya anayoyajua, na anayajua mengi. Asubuhi akaamka na wazo, na mimi nalieleza kama lilivyo, msinilaumu. Kosa, aliona, ni mahali. Kwenye benchi lile kila asemacho kinasikika kama mazoezi ya kazi. Lakini akisema akiwa amesimama juu ya wimbi? Nani anafanya mazoezi ya harusi juu ya wimbi? Pale hata Mwalimu hawezi kuuliza ni harusi ya nani. Na somo lenyewe ni la bure. Akajiandikisha.

Tatizo ni kwamba siku za nyuma, katika kupamba mazungumzo, aliwahi kumwambia Mwalimu kuwa ujanani alikuwa akipanda mawimbi kidogokidogo. Kidogokidogo, alisema, kwa unyenyekevu. Uongo mtupu. Sasa mtu aliyewahi kupanda mawimbi hawezi kwenda kuazima ubao wa wanafunzi. Ilibidi afe na tai shingoni. Akaenda duka la vifaa vya ufukweni kukodi ubao wake mwenyewe, mrefu kumpita, na mwenye duka akataka amana kubwa kuliko kodi yenyewe. Halafu akamkumbusha kuwa maji asubuhi yana baridi, ingefaa achukue na nguo ya mpira, ile ya kubana mwili mzima. Nayo ina kodi yake na amana yake. Kipaza akalipa huku akijisemea kwamba somo ni bure, somo ni bure.

Ubao haukuenea garini. Aliulaza katikati kuanzia buti mpaka kwenye kioo cha mbele, shavu lake likiwa limeuegemea, na kwa kuwa uliikalia gia, alirudi nyumbani kwa gia ya kwanza na ya pili tu. Walio nyuma yake walipiga honi njia nzima. Yeye aliwapungia mkono, akidhani wamemtambua.

Mwenye duka alimwambia jambo moja la mwisho, kwamba kabla ya kuingia majini aupake ubao nta upande wa juu. Nta ipo nyumbani, Kipaza alijibu, asiongezewe gharama nyingine. Na kweli ilikuwepo. Ijumaa jioni alipiga magoti sebuleni na kopo la nta ya sakafu, akapaka, akasugua kwa kitambaa cha sufi, akapaka tena, mpaka ubao ukang'aa na akaweza kujiona ndevu ndani yake. Bintiye alipita, akasimama, akauliza kama vitu hivyo vinatakiwa kuteleza. Kipaza alimwambia kila mtu na taaluma yake.

Jumamosi bahari ilikuwa imechangamka. Kipaza aliingia kwenye choo cha kibanda cha soda kuvaa ile nguo ya mpira, akakaa humo mpaka foleni ikajipanga nje. Mguu uliingia, tumbo likagoma. Alivuta pumzi, akajikaza kisabuni, akaruka palepale mpaka kila kitu kikawa ndani isipokuwa heshima. Alitoka akitembea kwa hatua fupi, mikono imesimama mbali na mbavu.

Mwalimu alikuwa mchangani na filimbi yake shingoni, na wanafunzi wachache wamemzunguka, vijana wengi wao, na mama mmoja mwoka mikate. Alipomwona Kipaza uso wake ulichanua, halafu akauona ubao.

"Umeupaka nini?"

"Nta."

"Nta gani?"

Kipaza alitazama bahari. "Ya sakafu," alisema.

Vijana walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka, ila midomo yake ilikuwa na kazi kubwa ya kujizuia. Alimweleza taratibu kwamba nta ya ubao ni nyingine kabisa, inanata, kazi yake ni kuishika miguu, na kwamba hii aliyoipaka yeye ingemtoa juu ya ubao kabla hajapanda. Akapiga magoti, akachota mchanga wenye maji, akaanza kusugua. Kipaza naye akapiga magoti upande wa pili. Walisugua pamoja, vichwa vyao karibu, na Kipaza akaona huu ndio wakati mzuri kuliko wote alioupata mwaka mzima. Mng'ao ulitoka. Rangi ya ubao nayo ikatoka, na amana ya ubao ikaanza kuaga. Habari ya ujanani kupanda mawimbi hakuna aliyeiulizia, na kuinama kwingi kukaifanya ile nguo ya mpira iachie mshono kwa nyuma, kutoka kiunoni kwenda chini, kwa mlio ambao hata mwoka mikate aliusikia. Mwalimu alivua koti lake jepesi, akamfunga kiunoni bila neno, akakaza fundo. Kipaza akataka ardhi ipasuke. Lakini pia hakutaka, kwa sababu ile ilikuwa mikono ya Mwalimu.

Wakaingia majini. Sitaki kumdhalilisha mtu mzima, kwa hiyo nitafupisha. Alipanda upande huu akatokea upande ule. Alilala kifudifudi, ubao ukaondoka bila yeye. Mara moja alirudi ufukweni bila ubao, na mara nyingine ubao ulirudi bila yeye, na kila akiibuka alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, jambo ambalo wengine walidhani ni adabu. Maji ya chumvi yalimwingia puani, masikioni na mahali pengine ambapo hukudhani maji yana shughuli napo. Vijana walikuwa wanasimama mmoja baada ya mwingine. Hata mwoka mikate alisimama, akapiga kelele ya furaha, akaanguka kwa raha zake.

Jua lilikuwa limepanda. Kwenye kikapu cha Mwalimu kule mchangani kulikuwa na simu, na Kipaza alijua inangoja nini. Wenzake walianza kutoka majini, kuagana, kukumbatiana na Mwalimu. Kipaza alibaki ameng'ang'ania ubao wake uliochubuka, midomo imekuwa ya zambarau, akisema moja tu, bado moja tu. Mwalimu alirudi majini, akasimama nyuma yake, maji yakiwa yamemfika kifuani, akashika mkia wa ubao.

Wimbi likaja. Mwalimu akasukuma, akapiga filimbi, na Kipaza akasimama.

Alisimama kweli. Magoti yamekunjwa, mikono imetanuliwa, koti la watu linapepea kiunoni, na bahari nzima imembeba inamkimbiza ufukweni bila yeye kufanya lolote. Mwenye kibanda cha soda alitoka nje kutazama. Kipaza alijisikia mwepesi, alijisikia kijana, alijisikia mtu anayeweza kusema chochote. Basi akageuza kichwa nyuma alipo Mwalimu, akapanua kinywa kama anavyokipanua kwa ukumbi wa watu mia tano, akaanza.

"Ewe nyota ya asu—"

Wimbi la pili lilimpiga mdomoni.

Kule chini alipinduka, akapinduka tena, na katikati ya mapinduko hayo akahisi ulimi wake umetoka nje bila kukutana na kitu. Alielewa papo hapo. Alipapasa mchanga, akaona cheupe, akakidaka: kombe la chaza. Akadaka kingine: kombe tena. Pumzi zikamwishia, bahari ikamtema ufukweni, na ubao ukafuata nyuma, ukagonga mwamba, ukavunja pezi lake. Ubao wa watu umevunjika, nguo ya watu imechanika, na meno, ambayo peke yake yalikuwa ghali kuliko vyote hivyo viwili, yamebaki kuwasherehesha samaki. Somo la bure.

Mwalimu alikuja mbio, akamshika mabega, akamuuliza ameumia wapi. Kipaza alikuwa amefumba mdomo kabisa. Alitikisa kichwa. Mwalimu akamsifu kwamba amesimama, tena vizuri. Kipaza akatikisa kichwa. Mwalimu akamuuliza mbona hasemi. Kipaza akatazama vidole vya miguu. Hapo Mwalimu akaingiwa na hofu ya kweli, maana tangu amjue mtu huyu hajawahi kumwona kimya hata wakati wa kumeza. Alishafundishwa huduma ya kwanza, akajua hiki ni kichwa, kimegongwa. Akamketisha, akapiga magoti mbele yake, akaanza maswali.

"Unaitwa nani?"

Kipaza alilipima jina lake. Katikati yake palikuwa na "z" imejikalia. Akafunika mdomo kwa mkono.

"Mimi," alisema.

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Leo siku gani?"

Jumamosi, lakini mtamkishe Jumamosi mtu asiye na meno ya mbele. Kipaza alifikiri kwa bidii mpaka mshipa ukamtoka kwenye paji la uso.

"Kabla ya Jumapili," alisema.

Mwalimu aliruka kwenye kikapu akatoa simu. Alisema anaita gari la wagonjwa, akae hivyohivyo, asilale, amtazame yeye. Na Kipaza akaona jinsi mambo yatakavyokuwa: watamlaza kwenye machela, watamfungua kinywa mbele ya Mwalimu, saa sita itapita, ama Mwalimu atapiga simu ile nyingine kwenye korido ya hospitali na kusema nakuja. Ilimpasa aseme sasa.

Alikimbilia hotuba yake kichwani, ile nzuri kuliko zote. "Nyota" ilipita, "asubuhi" ikakwama. "Waridi" lilipita, "bustani" ikakwama. "Moyo" ulipita, "nafsi" haikupita. "Ndoa" ilipita, "harusi" ikakwama, harusi, neno lililomlisha maisha yake yote. Alitupa hiki, akatupa kile, na mkononi yakabaki maneno mawili, makavu, ya kununulia mkate kabisa. Akamshika mkono ulioshika simu.

"Nataka kukuoa," alisema nyuma ya kiganja.

Mwalimu aliacha kubonyeza.

"Rudia."

"Nataka kukuoa."

"Mimi?"

"Wewe."

Mwalimu alikaa chini mchangani. Alipofungua mdomo alikuwa amekasirika. Alimwambia kwamba mwaka mzima amekaa kwenye benchi la saruji akipigia makofi maneno ya kuwapelekea watu wengine. Kwamba kila alipouliza ni harusi ya nani, moyoni alikuwa anaomba ajibiwe ni yetu, na kila mara anatajiwa mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Ameshaichukia ile familia, alisema, na hata haijui. Jioni nyingine alikuwa anafika nyumbani analia kwanza ndiyo anavua viatu.

Kipaza alisikiliza, na aibu aliyoisikia ilizidi ya nguo kuchanika kwa mbali sana.

"Nilikuwa mwoga," alisema.

"Sasa hawa watu wanangoja niwapigie," Mwalimu alisema, akainua simu. "Niambie nisiondoke."

"Baki," Kipaza alisema haraka.

"Baki namwambia mwanafunzi mtundu baada ya kipindi. Niambie nisiondoke." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangu mume wangu afe, hakuna mtu amewahi kunikataza kwenda popote. Nikitaka natoka, nikitaka narudi, hakuna anayeuliza. Nataka nikatazwe."

Hapo Kipaza alibanwa kwenye kona. Alilizunguka lile neno kila upande. Usiondoke. Usiende. Usiniache. Kote ipo, ile "s", imekaa mlangoni, huwezi kumkataza mtu kwa Kiswahili bila kupita mbele yake. Aliwakumbuka wenye kithembe wote aliowahi kuwaiga mbele ya umati, na jinsi walivyokuwa wakicheka kwa uso tu. Alimtazama mwanamke huyu ambaye alikuwa analia kwanza ndiyo anavua viatu. Akapiga moyo konde, akaondoa mkono mdomoni.

"Uthiondoke," alisema.

Na kwa kuwa limeshatoka, haikuwa na maana kuzuia mengine. "Uthiende popote. Uthiniache. Nithamehe, nilikuwa mjinga, lakini uthiondoke."

Mwalimu alikitazama kinywa chake muda mrefu.

"Meno yako yamekwenda wapi?"

Kipaza alinyoosha kidole baharini.

Mwalimu alianza kwa kujizuia, kama alivyojizuia kwenye nta, lakini safari hii haikuwezekana. Alicheka akaanguka ubavu, akacheka akiwa amelala, akainuka, akamtazama, akaanguka tena. Akauliza "kabla ya Jumapili" ndiyo ilikuwa nini, na alipoeleweshwa akashika mbavu akiomba aachwe. Kipaza akajikuta naye anacheka, pengo lote nje, upepo unaingia na kutoka unavyotaka, na hakuona sababu ya kurudisha mkono.

Simu ikaita mkononi mwa Mwalimu. Alikuwa msimamizi wa kule, amechoka kungoja. Mwalimu alifuta machozi, akapokea, akamshukuru kwa heshima zote, akamwambia haji. Yule mtu aliuliza kama ni mshahara, maana ungeweza kuongezwa. Aliuliza kama ni nyumba, zipo na kubwa zaidi. Mwalimu alisema hapana, si mshahara, wala si nyumba. Alikuwa ameshika fundo la koti lake kiunoni mwa Kipaza, na Kipaza alikuwa ametulia kabisa, haongei.

"Nimekatazwa," Mwalimu alisema. Akalirudia, ingawa yule mtu alikuwa ameshasikia. "Nimekatazwa kuondoka."